Msikiti wa Mbali

Kuze, Mombasa
14 Januari 2023

Dada yangu Saadia,

Nakubusu mikono yote miwili, na wa kushoto nauzidishia, maana ndio ulionichapa sana utotoni. Barua hii anaichukua Abdulhalim, yule mfanyabiashara wa ubani anayekuja huku na kurudi huko kwetu. Najua utasema kuna simu. Lakini sikio lako limekuwa zito na mtandao wa Shihiri ni wa kubahatisha, na mara ya mwisho tulikaa robo saa tukiambiana "Haloo, wanisikia?" Heri karatasi.

Sisi ni wazima. Ubaid mwanangu anaendelea na duka lake la mafuta mazuri na udi, na watu wa Kuze wamempenda. Mkaza mwanangu Swafia naye ni mtoto wa hapa hapa, ana adabu, na ana mkono wa chakula ambao sijui nitamshtaki kwa nani. Asubuhi mahamri kwa mbaazi, saa nne kahawa na halua, mchana wali, alasiri vitumbua, usiku naulizwa kwa nini sili. Hadeel mjukuu wako hajambo? Mwambie babu yake anamuomba aandike herufi kubwa kubwa.

Sasa neno lenyewe. Swafia alinipeleka kwa daktari, binti mdogo anaitwa Trizah, kwa sababu nilikuwa nakunywa maji kama ngamia. Akanitoboa kidole, akatazama kimashine chake, akaniuliza, "Mzee, unatembea?" Nikamwambia nimetembea miaka arobaini. Akasema, "Na sasa?" Nikamjibu, "Sasa nimeshafika."

Hakucheka. Alisema nina sukari, na nisipotembea kila siku nikaendelea na halua, itafika siku mguu ukatwe. Alilisema hivyo hivyo, huku anaandika.

Dada, wewe wanijua. Nilifuata maua ya mkunazi bonde hadi bonde na mizinga ya nyuki juu ya punda, na baadaye juu ya gari, na mimi nyuma kwa miguu. Hakuna aliyeniambia nafanya mazoezi. Nilikuwa nakwenda kazini. Hapa samaki hupita mlangoni, maziwa hupita mlangoni, muhogo hupita mlangoni. Kutoka kitandani mpaka barazani ni hatua kumi na mbili, nimezihesabu. Nitembee niende wapi?

Ubaid akanipeleka kule Mama Ngina, ufukweni, nione watu wanavyofanya. Nikawaona watu wazima na akili zao wanatupa mikono kama wanaofukuza nyuki. Wanakwenda mpaka mwisho, wanageuka, wanarudi. Mikono mitupu! Kwetu mtu akienda mahali akarudi hivyo tungemuuliza amepoteza nini. Ubaid kaninunulia viatu vya raba, vyeupe, vina mistari ya kijani. Vimo ndani ya boksi lake na hapo vitakaa.

Habari hii usimwambie mtu yeyote. Muuza asali kuugua sukari! Watacheka mpaka Mukalla.

Mwaka wa pili sasa tangu vita vya huko Shihiri vinilete kwa Ubaid. Wewe lini utakuja? Chumba cha juu kipo, kina dirisha. Umekaa Kuze mpaka ukawa na miaka kumi na miwili, mimi nilitolewa hapa nina sita, sikumbuki kitu. Njoo unionyeshe kwetu.

Ndugu yako anayenenepa,
Faraj


Shihiri
2 Machi 2023

Mdogo wangu Faraj,

Barua yako ilifika na harufu ya udi, nikajua Abdulhalim aliitia mzigoni badala ya mfukoni. Mungu akuhifadhi wewe na Ubaid na huyo Swafia wa mikono mizuri. Hapa salama. Hadeel anakwandikia ninayomwambia, na nimemkataza kupamba. Anakusalimu. Kiswahili chake kimekaa sawa sasa, nilimfunza kama mama alivyotufunza sisi, kwa kumnyima chakula mpaka akiite kwa Kiswahili. Paa la jikoni lilivuja, limezibwa. Jirani zetu wa upande wa kisima wamemwoza binti yao.

Umeuliza utembee uende wapi. Hilo ni swali la mtu mvivu mwenye ulimi. Siku tuliyoondoka Kuze ulikaa chini katikati ya njia, ukakataa kwenda forodhani, na mama akakubeba mgongoni na mzigo kichwani. Sasa una miaka sitini na sita na mama hayupo wa kukubeba.

Nikwambie siku yangu. Alfajiri nateremka ngazi zote arubaini na moja. Napita ukuta wa yule mjane mwenye mbuzi, nashika njia ya mitende, natoka lango la mji, nakwenda mpaka kaburini kwa mama. Namsomea, namng'olea majani, narudi. Jua likiwa kali nakaa kidogo kwenye jiwe lile lililopasuka. Jana nimekwenda na kurudi kabla mkate wa Hadeel haujaiva. Nina miaka sabini na miwili, Faraj, na sina viatu vya mistari ya kijani.

Kwa hivyo usiniambie heshima. Heshima gani ya mguu uliokatwa? Huna pa kwenda, tafuta. Kila siku uniandikie hatua zako nami nitakuandikia zangu, tuone nani mkubwa.

Habari ya mimi kuja, tutaizungumza baada ya mwezi wa Ramadhani.

Dada yako,
Saadia


Kuze, Mombasa
9 Juni 2023

Dada Saadia mwenye miguu ya chuma,

Mfungo ulikwenda vizuri, Idi tukala, mvua za masika zikatufungia ndani wiki nzima. Swafia ana mimba, lakini hajasema, nami najifanya sioni. Ubaid kaongeza rafu mbili dukani. Barua yako niliisoma mara tatu, na kila nikifika kwenye zile ngazi arubaini na moja nilitaka kukutukana.

Basi sikiliza. Nimepata pa kwenda.

Kuna kijana hapa, maalim Khubaib, anafundisha watoto Kurani chuoni. Siku moja amekaa na sisi barazani akataja hadithi ile tunayoijua sote, kwamba mwenye kwenda msikitini kila hatua yake huandikiwa thawabu. Nikamwuliza, na aliye mbali? Akasema, "Aliye mbali ana hatua nyingi zaidi, mzee wangu." Usiku ule sikulala vizuri kwa furaha. Msikiti wa mtaa wetu uko hatua ishirini na tisa kutoka mlangoni. Nimekuwa maskini wa thawabu miaka miwili bila kujua!

Sasa alfajiri nasali upande wa Ndia Kuu. Adhuhuri nakwenda mpaka karibu na Marikiti, nakatiza katikati ya hamali na mikokoteni yao, na wachuuzi wa maembe wamekwisha nijua, wananiita "Haji". Alasiri navuka Makadara. Ijumaa nilifika Liwatoni, nikasali na wavuvi, nikarudi kwa miguu. Dada, nilikuwa nakwenda mahali! Nilikuwa na haja! Mtu akiniuliza "Wapi, mzee?" nina jibu la kumpa, na jibu lenyewe hakuna wa kulicheka.

Mkanda umerudi matundu mawili. Daktari Trizah alitazama kimashine akaniuliza nimefanya nini. Nikamwambia nimeongeza ibada. Akasema niendelee na dawa hiyo, na akauliza kama navaa viatu vizuri. Nikamwambia naam. Navaa makubadhi yangu ya ngozi. Yamenila kidogo kidole cha mwisho, mguu wa kushoto, si neno, hata hakiumi. Napaka asali.

Jambo moja tu silielewi. Watu wa mtaa siku hizi salamu zao zimekuwa fupi. Zamani nikipita barazani walinikamata nikae, sasa wanajibu "Aleikum salaam" na wanageukia kahawa yao. Jana imamu wetu, Abdulhadi, mtu mpole sana, alisimama mlangoni pa msikiti akanitazama napita. Nikampungia mkono. Nilikuwa na haraka, safu ya Makadara hainingoji.

Labda ni husuda. Mzee wa sitini na sita kwenda kama kijana si jambo dogo.

Ramadhani imepita. Waja lini?

Faraj, mwenye hatua elfu saba jana


Shihiri
20 Agosti 2023

Faraj,

Salamu nyingi, na wasalimie wote, na Swafia Mungu amfungue salama. Hapa joto limetushika. Leo nilikwenda kaburini nikarudi kwa njia ndefu, ya nyuma ya mitende. Haya, hizo ndizo habari, sasa nataka kukuchapa.

Umefanya nini wewe?

Mtu wa Kuze huzaliwa na msikiti wake kama alivyozaliwa na jina la baba yake. Akifa, huombewa hapo. Akiwa na ugomvi na imamu au na wazee wa mtaa, hapigi kelele. Huupita msikiti mchana kweupe watu wakimwona, akaenda kusali kwengine. Basi. Hapo amekwisha sema kila kitu, na mtaa mzima umesikia. Mimi mtoto wa miaka tisa nilimwona mzee mmoja jirani yetu akifanya hivyo siku mbili tu, kwa sababu ya neno alilosemewa harusini, na wazee walikwenda kwake na kahawa na halua kumwangukia. Siku mbili! Wewe umefanya miezi, mara tano kila siku, na juu yake ukampungia imamu mkono!

Hawakuhusudu. Umewatukana, nao wanangoja uwaambie kosa lao, na kwa adabu yao hawawezi kukuuliza.

Nenda leo. Nenda saa hii barua ikiwa mkononi. Sali katika safu yao kisha useme kweli, kwamba una sukari na daktari kakwambia utembee. Si aibu. Aibu ni huyo mtu mpole kulala akijiuliza amekukosea nini.

Na hicho kidole mwonyeshe daktari. Kitu kilichoharibika kisichouma sikipendi.

Saadia


Kuze, Mombasa
28 Oktoba 2023

Dada yangu,

Naandika nimelala, ndiyo maana mistari inapanda. Swafia kajifungua mtoto wa kike, mzima, na wamempa jina la Saadia. Sikuwaomba. Mlilie kidogo kwa furaha huko, mimi nimekwisha lia.

Barua yako ilinifikia mwisho wa Septemba. Abdulhalim alizuiliwa Mukalla mwezi mzima. Lau ingefika mapema, pengine nisingekuwa kitandani, na pengine ningekuwa, maana wewe wanijua.

Niliisoma barazani. Nilihisi masikio yanawaka moto. Nilikwenda alasiri ile ile, hatua ishirini na tisa, na naapa ndiyo safari ndefu kuliko ya Liwatoni. Mbele aliyesalisha alikuwa maalim Khubaib. Imamu Abdulhadi alikuwa safu ya pili, pembeni. Baadaye ndipo nilipojua kwamba wiki mbili nzima alikataa kutangulia, akisema huenda kuna kitu kwake asichokiona, na asiyeridhiwa na jirani yake asisimame mbele.

Tulipotoa salamu nikainuka. Nilikuwa nimepanga kusema kama ulivyonifunza. Lakini nilipoziona zile nyuso, ulimi ukakimbia. Nikasema, "Jamaa, niwieni radhi, wallahi sina ugomvi na mtu. Nilikuwa nafuata thawabu za hatua."

Hapo mzee mmoja mwenye mkongojo akasema, "Kwani hapa petu thawabu zimekwisha?"

Ikawa mbaya zaidi kuliko mwanzo. Imamu akasimama, akaja mpaka karibu. Akasema kwa sauti ya chini, "Mzee Faraj, mimi sina neno nawe. Lakini kama kisomo changu chakuudhi, ndoo kwangu un'ambie mimi. Usiwaambie watu kwa miguu."

Nilitaka ardhi ipasuke. Na hapo Khubaib, aliyekuwa akitazama chini kwa haya, akauliza, "Mzee, damu hii ni ya nani?"

Juu ya zulia kulikuwa na alama, moja moja, kutoka mlangoni mpaka pale niliposimama. Nikatazama mguu. Kile kidole, dada, nilichokuwa nikikipaka asali na kukifunga kitambaa nikikificha Swafia asikione. Kitambaa kimefunguka, kidole kimekuwa cheusi, na mimi sihisi kitu. Kama mguu wa mtu mwengine.

Nikasema, "Nina sukari." Neno fupi tu, nalo lilitoka kama jino.

Imamu Abdulhadi akakaa chini, pale pale, akanishika nikae. Akauchukua mguu wangu akauweka juu ya kanzu yake nyeupe, mbele ya watu wote, akavua shali yake akaufunga. Mimi nasema, "Usifanye hivyo, usifanye hivyo." Yeye anafunga. Akaniambia, "Mimi nnayo mwaka wa kumi na mbili." Kisha akainua kichwa akauliza safu nzima, "Hapa nani hana?"

Hakuna aliyeinua mkono. Yule mwenye mkongojo akacheka kwanza, kisha wengine. Wote, dada! Wazee wazima, kila mmoja na kimashine chake kabatini, kila mmoja anakunywa kahawa bila kashata barazani na kusema meno yanamuuma.

Waliniingiza kwenye tuktuk wakanipeleka hospitali, na imamu akakaa na mguu wangu mapajani njia nzima. Daktari Trizah alinusa ile asali, akanitazama. Wamenikata kidole. Kimoja, cha mwisho. Mguu umesalimika, lakini alisema wiki mbili zaidi za ukaidi wangu na wangekata chini ya goti. Nililia. Sikulilia kidole. Nililia kwa sababu miezi yote ile nilikuwa nikipita mbele ya watu waliokuwa tayari kunibeba.

Sasa wamenikataza kutembea mpaka kidonda kifunge. Nilipoambiwa nitembee nilikaa, na sasa nataka kutembea nimekalishwa. Cheka, una haki.

Nakuomba jambo moja na safari hii usilikwepe. Njoo. Miguu unayo, kila siku waenda kaburini na kurudi, safari hii haikushindi. Ubaid yuko tayari kuja mwenyewe kukuchukua. Mtoto ana jina lako na hajakuona. Nami nataka nikuone kabla sijakatwa kitu chengine.

Faraj


Shihiri
15 Januari 2024

Faraj, mdogo wangu,

Kidole chako nimekililia kuliko nilivyomlilia mume wangu, Mungu anisamehe. Huyo Saadia mdogo nimemwombea kila kitu ila ulimi wangu. Mpe imamu wako salamu za mwanamke asiyemjua.

Usimtume Ubaid.

Wiki ya tatu baada ya wewe kuondoka nilianguka ngazini, nikavunjika nyonga. Haikuunga. Sijateremka zile ngazi tangu siku hiyo. Hadeel hunigeuza asubuhi na jioni, na dirisha ndilo njia yangu. Hatukukwambia kwa sababu ulikuwa bado hujapata hata pa kutundika kanzu, na ungerudi. Ungerudi, mimi nakujua, na vita havikuwa vimelala.

Kisha ukaandika habari ya sukari na mguu. Nikafikiri, nitamwinua vipi huyu na niko mbali? Nikakumbuka kwamba hujapata kuvumilia kushindwa na mimi, hata kwa kula pilipili. Basi nikamwambia Hadeel kaa uandike. Nikafumba macho nikatembea. Njia sikuzitungia uongo. Ukuta wa mjane, mitende, lango, jiwe lililopasuka, vyote viko hapo na nilivipita miaka. Miguu tu ndiyo haikuwepo.

Hadeel hakupenda. Alisema, bibi, huu ni uongo. Na sasa naona alikuwa na haki, maana ni hatua zangu zilizokutia mbioni, na mbio ndizo zilizokula kidole. Nisamehe. Sina la kujitetea.

Kuja Kuze nilitaka sana. Nilikuwa nikilala naiona nyumba ya bibi tulipozaliwa. Ukitoka msikiti wenu kwa mlango wa wanaume, shika kushoto, kichochoro cha tatu, nyumba ya pili, mlango una nanga iliyochongwa juu. Hujapata kuniambia kama ipo. Pengine hukuitafuta.

Saadia


Kuze, Mombasa
24 Februari 2024

Dada,

Siku tatu sikutaka kuiona barua yako. Niliitia chini ya godoro na nikamkasirikia Hadeel, nikamkasirikia Abdulhalim aliyekuona na kunyamaza, kisha nikajikasirikia mimi niliyeacha mwanamke wa miaka sabini juu ya ngazi arubaini na moja. Siku ya nne nikaisoma tena. Hakuna cha kukusamehe. Kidole kilikatwa kwa sababu nilificha. Mguu upo kwa sababu ulinitoa kitandani. Na mimi na wewe ni watoto wa mama mmoja, tunaficha vizuri sana.

Kidonda kimefunga. Daktari Trizah ameniruhusu, polepole, kwa viatu vya raba vya mistari ya kijani, ambavyo nimevivaa na sijafa. Tunatembea kundi zima sasa. Tukimaliza alasiri hapo hapo mtaani, imamu Abdulhadi mbele, yule wa mkongojo nyuma, tunakwenda hadi Makadara na kurudi. Mikono mitupu. Watu wakituuliza tunakwenda wapi, imamu huwajibu, "Twaenda kwa sababu ya sukari." Watatu wameshajiunga njiani.

Jana niliwaomba watangulie. Nimekuchukua wewe.

Tulitoka kwa mlango wa wanaume, nikaenda mwendo wako, wa kusimama simama. Tukashika kushoto. Kichochoro cha kwanza kuna fundi cherehani na redio yake, cha pili kuna wasichana wanatoka chuoni na misahafu yao kifuani, mmoja alikuwa na mwendo wako, wa kupiga visigino. Cha tatu ni chembamba, jua haliingii, chini kumelowa, nikakushika mkono. Nyumba ya pili ipo. Nanga ipo juu ya mlango, imepakwa rangi ya samawati na ncha moja imemeguka. Baraza imeondolewa upande wa kushoto, wa kulia ipo. Nilisimama nikatazama dirisha la juu na sikukumbuka kitu, dada, hata kimoja, nikakulilia wewe unayekumbuka.

Mwanamke akafungua. Mtu mzima, leso kichwani, mikono ina unga. Akasema, "Karibu, baba. Wamtafuta nani?"

Nikamwambia, "Simtafuti mtu. Namtembeza dadangu. Amezaliwa humu."

Akatazama nyuma yangu kichochoroni, huku na huku. Hapakuwa na mtu. Akanitazama macho, akatazama viatu vyangu, nikadhani sasa atafunga mlango. Akaingia ndani, akatoka na viti viwili.

Ameviweka pale palipokuwa na baraza, na akarudi kwenye unga wake bila kuuliza kitu. Kimoja nilikikalia. Cha pili nilikivuta karibu na changu, nikakifuta vumbi kwa kofia.

Kaa, Saadia. Tumefika.

Faraj